Tumbo la Kanzu

Nitaanza na lililoniudhi, maana mkinisubiri nipoe kwanza mtazeeka na nyinyi mkiwa hapo hapo mmekaa.

Juzi binti yangu Wakesho alinipeleka Ntinda, kwenye lile duka lenu la vioo, nyinyi vijana watarizi, nikaone jinsi kanzu zinavyotariziwa siku hizi. Niliona. Mashine ya kompyuta yenye sindano nyingi inapiga omulela, yaani ile nakshi ya rangi ya damu ya mzee inayozunguka shingo ya kanzu ya Kiganda na kushuka kifuani, na kijana ameketi pembeni anakunywa soda. Hilo halikuniudhi. Mashine ni mashine, na ujanani ningepewa moja ningeibusu. Nikachukua kanzu iliyokwisha, ya bwana harusi wenu wa Jumamosi, nikaigeuza nje ndani. Nikakuta mafundo. Nyuzi zimekatwa ovyo zinaning'inia, na ile karatasi ngumu ya kushikilia kitambaa imeachwa palepale nyuma ya nakshi. Nikapitisha kiganja na kikakwaruzwa.

Nikauliza nani ameruhusu kazi itoke hivi. Kijana mmoja, simtaji kwa sababu najua atasoma hapa na mama yake ni rafiki yangu, akacheka na kuniambia, "Jjajja," yaani bibi, "nani ataangalia nyuma?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Wakesho alinishika mkono akanitoa nje kabla sijawaaibisha mbele ya wateja. Njia nzima ya kurudi Kisugu nilikuwa naongea peke yangu. Sasa nimekaa, nimekunywa chai, na hasira bado ipo, kwa hiyo nisikilizeni nikiwa nayo.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilizaliwa Taita, upande wa Kenya, na Kampala nililetwa na ndoa, kwa kuwa mume wangu alikuwa fundi wa reli. Nilikuja na sindano zangu na mdomo wangu. Kwetu nilikuwa maarufu kwa vitambaa vya viti na vya meza, vyenye maua na ndege na maneno ya kukaribisha wageni, na nilijiona fundi hasa. Nikavijaza kwenye kikapu nikashuka Katwe kutafuta kazi, kwa kuwa niliambiwa huko kuna mzee anayetarizi kanzu kwa mkono na wateja wanampanga foleni.

Chumba chake kilibanwa katikati ya wapiga vyuma. Upande huu wanatengeneza majiko, upande ule wanafua mageti, na vumbi jeusi linaingia kila mahali. Kanzu nyeupe katika mahali kama hapo ni sawa na kulea mtoto jikoni. Kila kazi ilifunikwa shuka, ukafunua tu kile kipande unachoshona. Mzee mwenyewe tulimwita Ssalongo, ambalo ndilo jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha, na mkewe Nnalongo.

Nilimtolea kitambaa changu kizuri kuliko vyote, chenye tausi aliyefungua mkia. Ssalongo hakumtazama tausi hata kidogo. Alikigeuza kitambaa, akakisogeza mlangoni penye mwanga, akakipapasa kwa kiganja. Kisha akasema, "Gwe mama, ndege yako ni muzuri. Lakini tumbo yake ni mugonjwa."

Tumbo ndivyo alivyouita upande wa ndani wa nakshi. Mbele aliita uso. Kazi nzima ya yule mzee ilikuwa ni kupigania tumbo. Nilikasirika siku hiyo pia, kama mnavyokasirika nyinyi sasa mkinisoma. Nikamwambia kwetu watu wananunua ndege, hawanunui matumbo. Akacheka, akanisogezea kigoda.

"Uso ya kanzu ni ya wageni," akasema. "Wao nakula na macho halafu nakwenda nyumbani. Tumbo ni ya mwenyewe. Yeye nashinda nayo kwa ngozi."

Basi ndivyo nilivyoanza kujifunza upya kitu nilichodhani nakijua. Uzi usizidi kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, ukizidi utajisokota na kuchoka kabla ya kazi. Uupitishe kwenye nta ya nyuki, kisha uuvute katikati ya vidole mpaka upate joto. Subana, kile kikofia cha chuma cha kidole, ukivae hata kama kinakuudhi, kwa sababu tone moja la damu kwenye kitambaa cheupe litakuletea kilio. Na fundo ni haramu. Unaanza kwa kuacha mkia wa uzi nyuma, unaushika kwa kidole, unaushonea juu mpaka ushike wenyewe. Ukimaliza unapitisha mkia chini ya mishono iliyopo, unautuliza, ndipo unakata. Ukipapasa tumbo kwa kiganja, usisikie kitu.

Tena Ssalongo alitumia mkono wa kushoto. Mshono wake wa mnyororo ulikwenda kinyume cha wa mafundi wote wa Katwe, na mikia yake ya uzi ililala upande ambao ya wengine hailali. Mtu wa mkono wa kulia hawezi kujifunza akiwa amekaa ubavuni mwake, atachanganyikiwa. Ilibidi niketi mbele yake, goti kwa goti, nimtazame kama kwenye kioo. Nilikaa hivyo miaka. Kwa hiyo msidhani ninapowaambia kwamba naujua mkono wa mtu kwa kutazama nyuma ya kazi yake najigamba. Nilikuwa nimeshikiwa kioo.

Makosa niliyafanya, na moja lazima niwaambie kwa sababu mbele mtalihitaji. Kanzu ya kwanza niliyoitarizi peke yangu ilikuwa ya mwalimu mmoja wa madrasa. Alitoka msikitini nayo, mvua ikamkuta njiani, na rangi ya uzi ikashuka. Kifua chote kikawa chekundu. Miaka mingine watu wangemcheka. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, ukimwona mtu ana kifua chekundu barabarani huulizi, unakimbia. Wauza ndizi waliacha ndizi zao chini. Yule mwalimu alipoona watu wanatimua mbio alidhani kuna wanaopiga risasi nyuma yake, na yeye akatimua, na kadiri alivyokimbia ndivyo watu walivyozidi kumkimbia. Alifika kwetu anahema, akauliza vita viko wapi.

Ssalongo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu. "Mama Wakesho," akaniambia, "siku hizi hata rangi inaweza kuitia mutu jeshi. Uzi yote tutaosha."

Toka siku hiyo hakuna uzi ulioingia kwenye sindano bila kuoshwa. Maji ya moto, chumvi ya kutosha, ndimu, uuache mpaka maji yapoe yenyewe. Kisha unausuuza na kuubana ndani ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na alama yoyote, unarudia. Ssalongo alifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, hakumwamini mtu. Na kumbukeni chumvi wakati huo ilikuwa adimu, sukari adimu, sabuni ndiyo usiseme. Vitu hivyo vilipatikana kwa magendo na kwa kujuana. Nnalongo alikuwa anakuja dukani na ugomvi wake mikononi.

"Watoto nakunywa muchuzi kama maji ya mto," alisema, "na hizi nyuzi zako nakula chumvi kama mabwana wakubwa."

Ssalongo alimjibu kwamba watoto watakua hata bila chumvi, lakini kanzu ikimwaga rangi haitakuwa kanzu tena. Nnalongo akamwita mwendawazimu, akaondoka, na jioni akamletea chakula chake kama kawaida. Walipendana hivyo, kwa makelele.

Mnataka kujua hasira yangu ilianzia wapi? Si kwa mambo makubwa ya kwenye redio. Ilianzia kwenye uzi. Tulikuwa tunanunua hariri kwa Mhindi mmoja mjini ambaye aliitunza gizani, kwenye droo, imefungwa karatasi. Wahindi walipofukuzwa, duka lake akapewa mwanajeshi. Huyo aliziona zile hariri zinavyong'aa akafurahi, akazipanga zote dirishani juani ili wapita njia wazione. Hariri haikai juani. Ndani ya muda mfupi zilipauka, na ukivuta uzi unakatika kama nywele ya mgonjwa. Nilipomwambia kwa upole kwamba anaziua, akaniuliza, "Wewe ndio nafundisha mimi duka yangu?" Nikashika njia. Shehena nzima ya hariri iliozea pale tukiitazama kupitia kioo, na mimi nilipita kila wiki kuitazama kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa. Hakuna aliyefaidika. Hata mwizi hakufaidika. Hilo ndilo lililonichoma, na nilidhani ndilo baya zaidi nitakaloliona.

Siku moja akaja ofisa mmoja wa jeshi. Alikuja kwa gari, akaingia na kofia, akaona kanzu iliyokwisha imening'inia ukutani chini ya shuka. Akaifunua mwenyewe. Ilikuwa ya bwana harusi ambaye angeivaa kesho yake.

"Hii nanitosha," akasema.

Ssalongo aliinuka. Alikuwa mtu wa adabu, hata kuku alimfukuza kwa adabu. Akasema, "Afande, hii ina mwenyewe. Kesho naoa nayo. Wewe nitakuanzia leo hii, nitaweka kazi ingine yote chini."

Ofisa alimtazama, akanitazama mimi, akacheka kidogo. Akairudisha shuka juu ya kanzu, akatoka. Sisi wajinga tukashukuru Mungu kwamba leo tumekutana na muungwana.

Ijumaa iliyofuata, Ssalongo ametoka kuswali na kuketi kwenye kigoda chake, wakaja watu wawili waliovaa mashati ya maua, yale ya makachero wa serikali siku hizo. Mmoja akauliza, "Wewe ndio fundi nangojesha afande?" Ssalongo hakukana. Alichomeka sindano kwenye kazi isianguke, akavua subana akaniwekea kiganjani, akaniambia nimalizie shingo. Nadhani aliamini atarudi kabla ya jioni. Alikwenda na kanzu yake ya Ijumaa, ambayo kifua alikitarizi mwenyewe na mikono akaniachia mimi niitarizi, mara ya kwanza kuniamini na nguo yake. Wapiga vyuma walikuwa wameacha kugonga. Gari lilipoondoka wakaanza tena.

Alichukuliwa kwa sababu ya zamu.

Ninawaandikia hilo peke yake kwenye mstari ili mlione. Mtu alisema subiri zamu yako, na kwa hilo akachukuliwa.

Nnalongo hakukaa akilia. Alizunguka kila kambi na kila kituo mpaka mlinzi wa lango moja akamwambia ndiyo, mtu huyo yupo, anahojiwa, haruhusiwi kuonekana, ila chakula kinaweza kupita. Basi akaanza kupika. Kila alipoweza alifunga matoke kwenye majani ya migomba, mchuzi wa karanga pembeni, akatembea toka Kisugu mpaka langoni. Mimi nilibaki dukani na mlango wazi nusu, kwa sababu aliniomba sindano isisimame, mumewe asije akakuta wateja wamehama. Nilimsindikiza mara kadhaa. Nilikuwa nje ya lango nilipomsikia yule mlinzi kwa masikio yangu.

"Yeye nakula muzuri," alisema, akiupokea mzigo. "Nakwisha nona. Ila nasema muke yake ongeza chumvi kidogo."

Nnalongo alirudi njia nzima anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ile. "Mwanamume huyu," aliniambia, "nyumbani nalinyima watoto chumvi kwa sababu ya nyuzi, leo yeye naitaka." Kwake hiyo ilikuwa barua kutoka kwa mumewe. Akaja dukani, nikampa chumvi yote niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kuoshea uzi. Nilimpa kwa moyo mweupe, na baadaye nikamtafutia nyingine. Mume wangu alianza kuniambia turudi Kenya, sisi wageni tutakwisha hapa, nikamwambia siendi mpaka Ssalongo atoke.

Miezi ikapita hivyo.

Kisha akaja Mama Joyce. Huyu alikuwa mke wa askari, mtu wa kaskazini, mpole, anaishi kwenye nyumba za kambi. Alinijua kwa sababu nilimshonea foronya. Yeye alikuwa Mkristo na mumewe Mwislamu, na Idi ilikuwa inakaribia. Akafungua mfuko akatoa kanzu iliyofuliwa na kukunjwa vizuri.

"Mama Fundi, bwana yangu nalipewa hii na rafiki yake," akasema. "Ni kanzu muzuri, lakini rangi ya hii uzi namwagika kwa kifua. Mimi nafua, nafua, haitoki. Tena panya nalikula hapa kidogo. Unaweza tengeneza?"

Niliiona ile alama. Ilianzia pembeni mwa omulela ikashuka, hudhurungi iliyopauka kwa kufuliwa, na katikati yake tundu dogo lililofumwa kwa uzi mweupe na mtu asiyejua kufuma. Uso wa kanzu haukuniambia mengine. Kanzu ni kanzu, na Kampala imejaa omulela. Lakini mikono yangu ilikwisha zoea, ikaigeuza bila kuniuliza.

Mnyororo ulikuwa unakwenda kinyume. Mikia ya uzi ililala upande ambao ya mafundi wengine hailali. Tumbo lilikuwa safi kama alivyoliacha. Nikafunua mkono wa kanzu, upande wa ndani, nikaona kazi yangu mwenyewe.

Na uzi ule haumwagi rangi. Nilikuwapo alipouosha kwa chumvi ya watoto wake, nikamwona anaubana ndani ya kitambaa cheupe na kitambaa kinatoka cheupe.

Sikupiga kelele. Mpaka leo sielewi sauti yangu ilitoka wapi. Nilimwambia Mama Joyce kwamba kifua kimeoza, hakiwezi kuoshwa, lazima nikikate chote pamoja na nakshi nitie kipande kipya na omulela mpya. Sijui alijua nini yule mwanamke na hakujua nini, na sitamsingizia. Alisema tu, "Kata yote, Mama Fundi. Hata mimi sitaki kuangalia hiyo."

Alipoondoka nilifunga mlango, nikakata kile kifua kwa mkasi wa Ssalongo. Nikakiingiza ndani ya foronya yenye maua, juu yake nikaweka vitambaa vyangu vya meza, nikabeba kikapu kichwani. Kwenye kizuizi cha barabara askari alipekua, akaona maua, akanipungia mkono nipite.

Nnalongo nilimkuta jikoni. Matoke yalikuwa yamefungwa tayari, mchuzi uko motoni, na kikopo cha chumvi kiko wazi kando yake. Hakuniuliza kwa nini nimekuja saa za kazi. Nilipiga magoti mbele yake kama wanavyofanya wanawake wa Kiganda, nikatoa kile kipande nikamwekea mapajani.

Alikuwa mke wa fundi kwa maisha yake yote ya utu uzima. Hakuutazama uso. Alikigeuza, akakipapasa tumbo kwa kiganja, taratibu, toka shingoni mpaka chini, mpaka kidole kikafika kwenye tundu. Kikakaa hapo.

Akafunika kikopo cha chumvi. Kisha akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, "Nani nalikuwa nasema ongeza chumvi?"

Vijana, nimeulizwa maswali mengi maishani. Hilo lilijijibu lenyewe. Tulikuwa tunawapikia walinzi. Mtu wetu amekwisha uawa, pengine siku ileile ya Ijumaa, na wao wanakaa pale langoni wanafungua majani ya migomba yaliyofungwa na mkewe, wanakula, wanaona chakula kimepooza, wanatuma salamu kwa jina la maiti. Niliwachukia. Bado nawachukia. Watu huniambia nisamehe, ni zamani sana, nami huwaambia waende wakasamehe chumvi yao.

Ile sufuria aliipua yeye mwenyewe, akawapa wanawe wale. Siku hiyo walikula mchuzi wenye chumvi ya kutosha. Jioni ikaitwa jamaa, wakasoma dua kimyakimya bila kupaza sauti nje, na Nnalongo akaingia eda. Hakuwa na kaburi wala maiti, lakini sasa alikuwa mjane, si mwanamke anayezungushwa na walinzi. Aliniambia baadaye kwamba kile kitambaa ndicho kilichomruhusu kulia. Alikiweka chini ya mto wake, uso chini, tumbo juu.

Mimi nilirudi Katwe. Kanzu ya yule askari ilikuwa inaningoja mezani, imetobolewa kifua, na Idi haikusogea mbele kwa ajili yangu.

Nilifikiria kuichoma. Nilifikiria kutarizi kwa uzi usiooshwa ili atoke jasho mbele ya watu na kifua kimgeuke chekundu. Lakini kifua chekundu watu wangekiona, naye angerudi na wenzake, na mimi nilikuwa na mtoto na mume wa reli. Basi uzi niliuosha. Nikavaa subana ya Ssalongo na kutarizi omulela mzuri kuliko wote niliowahi kuutoa, mnyororo umenyooka, kona zimekaa. Wapiga vyuma waliokuja kuchungulia waliusifu.

Na tumboni nikafunga mafundo. Kila nilipoanza uzi nilifunga fundo, na kila nilipoumaliza nikafunga jingine juu yake. Nilikata mikia mifupi kabisa ili isimame kama mabua baada ya mavuno. Palipokuwa na nafasi nikapachika nta, ikauke iwe ngumu. Nilikuwa nalia na kushona, na kila fundo nililivuta kwa meno. Ssalongo angeona angenitoa kwenye kile kigoda kwa fimbo. Lakini nilijiambia maneno yale yale niliyoyasikia juzi Ntinda, yale yale kabisa. Nilijiambia, nani ataangalia nyuma?

Baada ya Idi Mama Joyce alipita kunishukuru. Alisema kanzu ilipendeza, kila mtu kambini aliuliza fundi ni nani. "Ila bwana yangu nakasirika," akasema. "Kutwa nzima nakuna kifua. Kwa swala nakuna, kwa chakula nakuna. Nalala nayo nakuna. Asubuhi kifua yote ni alama."

"Kanzu mpya ndivyo zilivyo," nikamwambia. "Asiivue. Itamzoea."

Sijutii. Nilichoweza kumfanyia muuaji, au rafiki wa muuaji, ni kumkwaruza, nami nilimkwaruza kwa ufundi wote niliopewa. Muda mfupi baadaye mume wangu akanivuta turudi Taita, na sikurudi Kampala mpaka wanajeshi wale walipokwisha ondoka. Nnalongo nilimkuta bado Kisugu, na tukaishi majirani mpaka alipofariki. Kile kitambaa alizikwa nacho, wanawe walihakikisha.

Kwa hiyo ile kanzu yenu ya Jumamosi nilipoigeuza na kiganja changu kikakwaruzwa, niliujua mkwaruzo ule. Mimi kanzu ya namna hiyo nimeshona moja tu maishani, tena nilikuwa namjua atakayeivaa. Huyo bwana harusi wenu, mtoto wa watu, amewakosea nini?